Mtambue Kulungu Kabla ya Kufyatua Risasi

Leo tunazungumza na ninyi mnaoishi Colorado, Marekani, mnaotaka kuwinda kulungu kwa kufuata sheria.

Jimbo hilo lina kulungu wa aina mbili. Mmoja ana masikio makubwa sana na mkia mwembamba wenye ncha nyeusi. Pembe za dume hugawanyika mara mbili, kisha kila tawi hugawanyika tena. Mwingine ni kulungu mkia-mweupe. Akikurupuka huinua mkia wake mpana, na weupe wa chini ukaonekana. Pembe zake huchipua matawi kutoka shina moja.

Mchunguze mnyama kwa darubini, kamwe si kwa kumwelekezea bunduki. Ukiwa na shaka, mwache aende.

Leseni yako hutaja jinsia ya mnyama, eneo na tarehe za msimu. Saa halali ni kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama. Anayewinda kwa bunduki huvaa rangi ya chungwa au waridi inayong'aa, ili wawindaji wenzake wamwone.

Soma kanuni za msimu huu kabla hujatoka nyumbani. Zinalinda wanyama, na zinakulinda wewe.