Kazi Uliyoipenda Ikikatika: Jitunze Wewe na Walio Mikononi Mwako

  Kama una mtoto mgongoni au chungu motoni, endelea na shughuli zako. Leo tunaomba sikio lako tu.

Tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuhara na chanjo. Leo twazungumzia jambo lisilo na homa wala upele, lakini laweza kumlaza mtu chini. Ni kuachishwa kazi, na hasa kazi uliyoipenda.

Hapa kwetu jambo hili si geni. Mwaka 2008, baada ya vurugu za uchaguzi, watalii walikimbia na wafanyakazi wengi wa hoteli wakarudishwa nyumbani. Mwaka 2014 nchi za nje ziliwaonya raia wao wasije Pwani, hoteli zikafunga milango tena. Reli mpya ilifunguliwa Mei 2017, na treni za mizigo zikaanza Januari 2018. Makasha yakapita kwenda bara, na waliotegemea malori, maghala na kazi za kutoa mizigo wakaanza kukosa riziki. Mwaka 2019 watu waliandamana barabarani kwa ajili hiyo. Mwaka 2022 serikali iliagiza shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa, lakini si kila aliyepoteza kazi aliyeirudia.

Kisha ukaja mwaka 2020 na korona. Ndege za abiria kutoka nje zilisimama mwezi wa Machi hadi tarehe 1 Agosti. Kaunti ya Mombasa ilifungwa kutoka tarehe 8 Aprili hadi tarehe 7 Julai. Mji wa Kale wenyewe ulifungiwa mwezi mzima, kuanzia tarehe 6 Mei, mtu asiingie wala asitoke. Waongozaji wageni wa Ngome, wauza vinyago wa Ndia Kuu, wapishi na wapokeaji wageni wa hotelini, wote walijikuta nyumbani kwa siku moja.

Kwa hivyo kama nawe umepewa barua, jambo la kwanza ni hili: hukuchaguliwa wewe kwa sababu huna thamani. Mara nyingi kazi hukatika kwa mambo yaliyo mbali kabisa na bidii ya mtu.

KWA NINI YAUMA HIVI?

Watu watakwambia, "Ni pesa tu, utapata nyingine." Pesa ni jambo kubwa, lakini si pesa tu. Zamani, karibu na mji wa Vienna nchini Austria, palikuwa na kijiji kiitwacho Marienthal. Karibu kijiji kizima kilitegemea kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kilipofungwa, watafiti wakiongozwa na Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikwenda kuwatazama watu wale, na mwaka 1933 wakachapisha walichokiona.

Waliona jambo la kushangaza. Watu sasa walikuwa na wakati mwingi, lakini walifanya machache kuliko zamani. Maktaba ya kijiji ilikuwa na vitabu vya kuazima, lakini walioazima walipungua. Wanaume walitembea polepole, wakisimama simama njiani. Ukiwauliza asubuhi yao imepitaje, hawakuweza kueleza. Wanawake walikuwa bado na kazi za nyumba, lakini wengi waliokuwa wakifanya kazi kiwandani walitamani kurudi, na si kwa ajili ya mshahara peke yake.

Baadaye Jahoda alieleza kwamba kazi hutupa mambo matano mbali na mshahara: hutupangia siku, hutukutanisha na watu, hutufanya tushiriki jambo kubwa kuliko sisi wenyewe, hutupa jina na heshima, na hutufanya tujishughulishe. Hebu jipime, mama. Uliyekuwa ukiamka alfajiri kuwahi kivuko, uliyekuwa na wenzako wa kucheka nao wakati wa chai, uliyekuwa ukiitwa "mwalimu" au "sista" au "mama wa mapokezi", umepoteza hayo yote matano kwa barua moja. Huo ni msiba. Na msiba hulilika. Kulia si udhaifu, wala si kukosa shukrani kwa Mungu.

MAJUMA YA KWANZA

Usilifiche jambo. Wako wanaoamka kila siku, wakavaa nguo za kazi na kwenda kukaa Mama Ngina mpaka jioni ili jirani asijue. Siri hiyo huchosha kuliko msiba wenyewe. Mwambie mumeo, mama yako au dada yako. Na kwa wale watakaokuuliza barazani, "Siku hizi uko wapi?", tayarisha jibu fupi: "Kazini wamepunguza watu, nami nimo. Ukisikia pahali panatakiwa mtu, nikumbuke." Basi. Jibu hilo halina aibu, na linaweza kukuletea kazi.

Waambie na watoto. Mtoto akisikia minong'ono usiku na kuona mama amenuna, hudhani yeye ndiye mkosa. Mwambie kwa maneno ya umri wake: "Kazi ya mama imekwisha. Si makosa yako. Tutakula, tutalala hapa hapa, lakini baadhi ya vitu tutavisimamisha kwa sasa." Kama kuna karo ya shule au ada ya chuo, nenda umwone mwalimu mapema, kabla mtoto hajarudishwa nyumbani mbele ya wenzake.

Dai haki yako. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema mwajiri anayepunguza wafanyakazi lazima atoe taarifa mwezi mmoja kabla kwa mfanyakazi au chama chake, na pia kwa afisa wa kazi wa serikali. Mfanyakazi hulipwa siku za likizo alizokuwa hajazichukua, na kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi. Kwa mfano, aliyefanya kazi miaka 8 anastahili mshahara wa siku 120. Omba pia cheti cha kazi, nacho ni haki yako. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Ichukue uende nayo kwa chama cha wafanyakazi au ofisi ya kazi. Wala usikae sana, kwani madai ya kazi yana muda wake, nao ni miaka 3.

Usikimbilie kuzitumia pesa hizo. Wapo watakaokushauri ufungue duka juma lile lile. Mahamri, viazi vya karai, kachiri na achari ni biashara nzuri, lakini mtaani wauzaji ni wengi. Anza na kidogo kutoka jikoni mwako, ujaribu kwa majuma mawili, uandike kilichoingia na kilichotoka. Jihadhari na mikopo ya simu ya kulipia mikopo mingine. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Na kama watu watakwambia ni husuda, omba dua, hiyo ni haki yako na faraja yako. Lakini kiinua mgongo chako usikimalizie kwa waganga.

AFYA YA NYUMBA ISIANGUKE

Kipato kikipungua, kuna mambo ambayo mama huyakata kwanza, nayo ndiyo hayafai kukatwa.

La kwanza ni maziwa ya mama. Wasiwasi hausababishi maziwa kukauka. Waweza kuyachelewesha kushuka, basi tulia, keti vizuri, umnyonyeshe mtoto mara nyingi zaidi. Mtoto wa chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama peke yake, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula hadi miaka 2 na zaidi. Ikiwa mtoto anatumia maziwa ya kopo, usiyazimue kwa maji zaidi ili yafike mwisho wa mwezi. Hiyo ni njaa iliyofichwa ndani ya chupa. Nenda kliniki, ueleze hali yako.

La pili ni chakula. Nyama si lazima kila siku. Mbaazi, kunde, pojo, dagaa, mayai na mchicha hujenga mwili wa mtoto kwa bei ndogo. Chai ya rangi usimpe mtoto mdogo pamoja na chakula, kwani hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini.

La tatu ni dawa za kila siku za presha, sukari, kifafa au pumu. Wengine humeza siku moja na kuruka siku moja ili dawa zisiishe. Hilo ni hatari. Muulize mhudumu kama kuna dawa ya aina ile ile yenye bei nafuu, au kama kituo cha afya cha serikali kinayo.

La nne ni bima. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilichukua nafasi ya NHIF. Ulipokuwa kazini, mchango ulikatwa kwenye mshahara. Kazi ikikatika, makato nayo hukatika, na huenda ukajua hivyo siku mtoto amelazwa. Nenda ubadilishe usajili wako uwe wa mtu asiyeajiriwa, ujibu maswali ya hali ya nyumba yako, na uulize utalipa kiasi gani. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, nazo hulipwa kwa mwaka.

IPE SIKU YAKO MPANGO

Kumbuka watu wa Marienthal. Kilichowaangusha si njaa tu, ni siku isiyo na mwanzo wala mwisho. Kwa hivyo amka saa ile ile uliyoamka ukiwa kazini. Oga, vaa. Weka jambo moja la kutafuta kazi asubuhi, jambo moja la nyumba, na jambo moja la kukutanisha na mtu: chama chenu, msikitini au kanisani, au kumtembelea mgonjwa. Alasiri tembea na watoto hadi ufukweni au uwanja wa Makadara. Mwili ukichoka vizuri, usingizi huja. Punguza kahawa usiku. Usinunue vidonge vya usingizi bila daktari, wala usipoze mawazo kwa miraa, muguka au pombe, kwani kesho yake mawazo hurudi na deni juu yake.

Na ile kazi uliyoipenda, usiifanye mwiko kuitaja. Jiulize ni kitu gani hasa ulichokipenda ndani yake. Kama ni kufundisha, wapo watoto wa jirani. Kama ni kuwapokea watu, ujuzi huo hauishi kwa kufungwa hoteli moja. Kazi ilikuwa ya mwajiri, lakini ujuzi ni wako.

DALILI ZA KUKIMBILIA MSAADA

Huzuni ya siku chache ni ya kawaida. Lakini ikiwa karibu kila siku, kwa majuma mawili au zaidi, mtu hana furaha na lolote, hali au anakula kupita kiasi, halali au analala mchana kutwa, anajiona hafai, hawezi kuamua jambo dogo, au anawapiga watoto kwa hasira asizokuwa nazo, huo waweza kuwa ugonjwa wa sonona. Una tiba. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali Kuu ya Pwani, ile wengi wetu tunayoiita Makadara, uombe kuonana na mshauri.

Mtu akisema, "Afadhali nisingekuwapo," usimkemee wala usicheke. Muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo. Kaa naye, ondoa dawa na sumu karibu naye, na mpeleke hospitali. Waweza pia kupiga simu bila malipo nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Usiogope polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Ni mgonjwa, si mhalifu.

Nawe mlezi, ikiwa aliyeachishwa ni mumeo, binti yako au mwanao, usimhesabie siku alizokaa nyumbani. Mpe kazi ya heshima katika nyumba, si ya kumdhalilisha, na umuulize, "Umeamkaje leo?" kabla ya kumuuliza, "Umepata kazi?"

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Kuachishwa kazi si kipimo cha thamani yako.
2. Waambie wa nyumbani, na watoto pia.
3. Dai kiinua mgongo na cheti cha kazi.
4. Usikate maziwa ya mama, dawa za kila siku wala bima.
5. Siku iwe na mpango na watu.
6. Majuma mawili ya giza yatosha. Nenda kituo cha afya.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

Je, katika mtaa wenu, mtu akipoteza kazi husemwa nini? Ni maneno gani humsaidia, na yapi humuumiza? Chama chenu chaweza kufanya nini kwa mwanachama ambaye mwezi huu hana mchango?

 Kama unamjua jirani aliyepewa barua mwezi huu, mpitie leo jioni. Si lazima uwe na la kumpa. Nenda tu mkae pamoja.