Ndoo ya Nahodha

KIPINDI CHA MALEZI: MAZUNGUMZO YA MTANGAZAJI

(Muziki wa kufungua. Unashuka taratibu.)

Kama uko kwenye foleni ya bomba unasikiliza redio ya mwenzako, karibu. Kama uko ndani, mtoto mmoja amekupanda mgongoni na mwingine anavuta leso yako, karibu zaidi, kwa maana leo nazungumza na wewe hasa.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Wa kwanza ni wa kiume, ana miaka minne. Wa pili ni binti wa mwaka mmoja na nusu. Leo sikuletei mtaalamu. Nakuletea ya nyumbani kwangu. Ucheke kwanza, halafu mwishoni tuambizane jambo.

Sisi ni Wabajuni wa Fuma, moja ya visiwa vilivyojipanga baharini kusini mwa Kismayo. Mamangu alikimbia mara ya kwanza vita vilipoanza mwaka 1991, akakaa kambi ya Jomvu kule Mombasa, kisha akarudi kisiwani. Mimi nikazaliwa. Nilipokuwa na miaka tisa tukakimbia tena, tukafika Dadaab, na mwaka 2009 mabasi yakatuleta hapa Kakuma. Kwa hiyo mtoto wangu hajaona bahari hata siku moja. Lakini ukimuuliza, atakwambia ni nahodha.

Hilo jina kapewa na bibi yake. Kila jioni mamangu hutandika mkeka nje, akaanza: jahazi, tanga, papa, kasa, watoto wanaoruka majini kutoka juu ya jahazi. Kijana husikiliza mdomo wazi. Asubuhi beseni langu la kufulia huwa limeshakuwa chombo. Siku moja natoka ndani nakuta amemtia dadake ndani ya beseni, amelisukuma hadi kwa jirani, na anadai nauli.

Na ulimi wake! Wewe mwenye mtoto wa miaka minne unajua kuwa nyumba yako haina siri. Zilikuwa zimebaki siku mbili kabla ya mgao. Jirani akaja kuomba unga. Nikamwambia kwa sauti ya huruma, "Wallahi dada, umeisha." Nahodha akaja mbio kunisaidia: "Mama umesahau! Ule uliouficha nyuma ya sanduku!" Msikilizaji, nilimpimia jirani vikombe viwili, nikamwongeza cha tatu kwa aibu. Naye akamshika kijana kichwa, akamwombea dua, eti mtoto ana kumbukumbu nzuri.

Sasa nikueleze habari ya ndoo, kwa sababu ndiyo mada yetu. Kwa lugha yetu ya kisiwani, "njoo" tunasema "ndoo". Mamangu hawezi kusema vingine, na hataki. Basi yeye akikaa mlangoni akaita "Ndoo! Ndoo, baba, ndoo!", anamwita mjukuu. Lakini jirani yetu wa upande wa pili ni mama wa Kikongomani kutoka Uvira. Siku za kwanza, kila akisikia "ndoo" alikuja na ndoo yake. "Shika, mama. Lakini unirudishie leo leo." Mamangu alishukuru, akaipokea, akiwaza kwamba watu wa Uvira ni wakarimu sana. Ilichukua wiki nzima kujua kwa nini nyumba yetu ina ndoo ya watu kila siku.

Kwetu basi yakawepo maneno mawili ya kumwita mtoto. "Ndoo" lilikuwa la bibi. Ukiitikia unakuta njugu, au kipande cha mandazi, au hadithi. "Njoo" lilikuwa langu. "Njoo hapa!" nami nimeshika kandambili mkononi. Ukiitikia hilo unakuta kandambili. Mtoto si mjinga. Akisikia "njoo" alikuwa chini ya kitanda kabla sijamaliza neno.

Mamangu aliniambia, "Wewe unamfundisha kukimbia ukimwita." Nikacheka. Nikamwambia, mama, zama zimebadilika, hawa watoto wa kambini wana vichwa vigumu.

(Muziki mfupi.)

Ikaja siku moja ya mwezi wa Aprili. Usiku tulisikia radi mbali sana, kwetu haikudondoka hata tone. Asubuhi jua lilikuwa kali kama kawaida. Nikaenda bombani na binti mgongoni. Kijana nilimwacha na bibi yake. Ndivyo nilivyodhani. Bibi yake alipoingia kuswali alidhani amenifuata mimi. Alipotoa salamu, kijana hayupo, na ndoo ya bluu haipo.

Nilirudi na mtungi wangu nikauliza, "Nahodha yuko wapi?" Mamangu akaniuliza, "Si uko naye?" Tukatazamana. Wakati huo huo tukasikia watu wanapiga kelele upande wa laga: "Maji! Maji yamekuja!"

Wewe unayeishi hapa unaijua laga. Miezi mingi ni mchanga mtupu, watoto wanacheza mpira, mbuzi wanapita. Lakini mvua ikinyesha huko juu milimani, maji yanateremka kwako huku jua linawaka, na hayabishi hodi.

Nilimwachia jirani binti, nikakimbia. Maji yalikuwa ya rangi ya udongo, yamebeba matawi, mtungi wa mtu, na kiatu kimoja. Watu walikuwa wamejaa ukingoni wakitazama. Nikapiga kelele, "Wewe mtoto! Njoo! Njoo hapa!" Kimya. Nikaita tena kwa ukali zaidi, kwa sababu nilikuwa na hofu, na mimi hofu yangu hutoka kama hasira. Kimya. Miguu ikaniishia nguvu.

Mamangu akafika nyuma yangu, pekupeku, hana pumzi. Akaita kwa sauti yake ile ya mlangoni: "Ndoo! Ndoo, baba, ndoo!" Na mimi nikaidaka. Tukaita wote wawili, tunalia, "Ndoo! Ndoo!"

Watu wakatuonea huruma. Yule mama wa Uvira alikuwa amesahau masomo yote ya ndoo kwa fadhaa. Akanishika bega: "Mama, acha ndoo iende! Nitakupatia ingine!" Kijana mmoja wa bodaboda akaniambia ndoo ni kitu cha kununua, roho hainunuliwi. Mwingine akaanza kuvua shati aifuate majini, wenzake wakamzuia. Sikuweza hata kuwaeleza.

Ndipo kichaka cha mathenge, hatua chache kutoka ukingoni, kikatikisika. Akatoka Nahodha, ndoo ya bluu kichwani kama kofia, suruali imelowa hadi magotini. Akaja mbio moja kwa moja kwa bibi yake. Akasema, "Bibi, bahari imekuja!"

Mkono wangu, msikilizaji, ulishuka wenyewe kutafuta kandambili. Haikuwepo, ilibaki kwenye matope. Nikakaa chini nikamkumbatia, nikacheka na kulia kwa pamoja mbele ya watu wote. Mchana ule ule, ukingo ule karibu na kile kichaka ulimeguka ukaingia majini.

Usiku nikamuuliza kwa upole, "Mbona hukutoka nilipokuita?" Akaniambia, "Uliita njoo. Njoo inachapa."

Sikulala.

(Muziki mfupi.)

Sasa tuambizane. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu mmoja katika kila wanne alikuwa mtoto wa chini ya miaka 5. Na si baharini tu. Mtoto anayetambaa anaweza kuzama kwenye ndoo ya nyumbani yenye maji kidogo, kwa sababu kichwa chake ni kizito, akiinamia hawezi kujiinua. Kwa hiyo mimi mwenye binti wa mwaka na nusu sasa nafunika ndoo zangu au naziweka juu. Na laga ikiwa na maji, hata yawe ya magoti tu, usivuke na usimwache mtoto akachezee ukingoni. Maji yanayokwenda kasi humwangusha mtu mzima, sembuse nahodha wa miaka minne.

La pili. Ukimwacha mtoto, mkabidhi kwa mdomo. Sema, "Mtoto yuko kwako," na usubiri jibu, "Yuko kwangu." Sisi tulikuwa watu wazima wawili wenye mapenzi, na kila mmoja alidhani yuko kwa mwenziwe. Mtoto akipotea, usione aibu. Mwambie kiongozi wa bloku mara moja, watu wengi watafute.

La tatu ndilo lililonitoa usingizi. Neno la kumwitia mtoto lisiwe neno la fimbo. Utakuja kulihitaji siku ya moto, siku ya nyoka, siku ya maji. Siku hiyo unataka akisikia sauti yako aje mbio, asijifiche. Akikosea, mwelekeze, mnyime mchezo, mkalishe kando, lakini akiitika wito wako asikute kipigo. Sisemi ni rahisi. Mgao umepungua, jua ni kali, na juzi tu binti yangu alimwaga uji wote ndani ya kiatu cha babake. Nilipiga kelele hadi jirani akaja. Lakini nilipiga kelele mikono mitupu.

Kuna jambo lingine. Baada ya siku ile mamangu aliacha hadithi za Fuma. Alijilaumu kwamba yeye ndiye aliyempeleka mtoto majini. Mkeka ukakaa ndani siku tatu. Nikamwambia, mama, usiache, malizia. Mwambie na ile sehemu nyingine, kwamba Fuma mtoto haingii majini bila mkubwa, na kwamba nahodha wa kweli huangalia mbingu na maji kwanza, halafu ndiyo akatweka tanga. Sasa anasimulia yote. Na Nahodha kabla ya kupanda beseni husimama, akatazama juu, akauliza kwa sauti kubwa, "Mkubwa yuko wapi?"

Mimi nami nimeachana na "njoo". Naita "ndoo" kama mamangu. Tatizo ni kwamba watoto wa bloku nzima wamejua ndoo ina njugu. Nikiita mmoja, wanakuja kumi na wawili. Na nyuma yao, bado, anakuja mama wa Uvira na ndoo yake.

Mimi ni mtangazaji wako. Jioni njema, na huyo aliye mgongoni mwako msalimie.

(Muziki wa kufunga.)

MASWALI KWA VIKUNDI VYA KUSIKILIZA

1. Nyumbani kwako mtoto akiitwa, anakuja au anajificha? Kwa nini?
2. Katika bloku yenu, ni maji gani yaliyo hatari kwa watoto, na nani anaangalia wazazi wakiwa kwenye foleni?
3. Ni hadithi gani ya kwenu unayowasimulia watoto? Je, umeimalizia?