Taa Zipitazo Mbinguni na Amana ya Ushahidi

Sifa njema zote ni za Allah, Mola wa walimwengu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo, wazee wangu, ndugu zangu na wanangu.

Baadhi ya vijana wetu hapa Durban, wakisha kufuturu na kuswali Magharibi, husimama uani wakitazama setilaiti zikipita. Wapo wanaouliza kama huo si upuuzi katika mwezi mtukufu. Jawabu ni kuwa jambo hilo hutegemea nia na adabu ya mwenye kulitenda.

Kwanza tufahamu kinachoonekana. Setilaiti haina nuru yake. Hung'aa kwa mwanga wa jua. Sisi huku chini tumekwisha kuingia gizani, ilhali yenyewe huko juu bado inalipata jua. Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilicho juu yetu kwa kiasi cha kilomita 400, huizunguka dunia kwa dakika 90 hivi. Hupita kama nyota kubwa isiyometameta, na pengine hufifia ghafla katikati ya mbingu. Hakikuanguka; kimeingia katika kivuli cha dunia. Humo ndimo Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alimoikuta Idi ya mwaka 2007.

Wala hili si geni kwa pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani, ikaitwa Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya iliadhimisha uhuru wake.

Lakini lipo linalotugusa zaidi. Jioni ya tarehe 29 simu hujaa habari: taa imeonekana, basi kesho Idi! Nyumba moja ikafunga, ya pili ikala, na ndugu wakanuniana.

Ndugu zangu, ushahidi ni amana. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba bedui mmoja alimjia Mtume, rehema na amani zimshukie, akasema ameuona mwezi. Mtume alimuuliza kwanza juu ya shahada yake, ndipo akaamuru watu watangaziwe. Habari ilifuata uaminifu wa mwenye kuileta.

Hapo ndipo vijana hawa watakapotufaa. Mtazamaji mzuri wa setilaiti huandika saa, upande ilikotokea na ilikopotelea, kisha hulinganisha na alivyoona mwenzake. Hiyo ndiyo adabu ya shahidi. Waliokulia Mji Mkongwe wamezoea jua kuzama baharini. Hapa bahari iko mashariki, na mwandamo hutafutwa upande wa bara, juu ya vilima. Taa iliyoonekana juu ya bahari jioni si hilali. Taa iliyovuka mbingu kwa dakika chache si hilali. Hilali hushuka taratibu nyuma ya jua, na ncha zake huelekea mbali nalo.

Basi kuanzia usiku huu, vijana, wafundisheni wazee wenu kuzipambanua taa hizi. Nanyi wazee, wafundisheni vijana kuutafuta mwezi. Na asiyeuona aseme: sikuuona. Huo nao ni ukweli, na mkweli hapungukiwi na kitu.

Allah atutakabalie saumu zetu na aziunganishe nyoyo zetu. Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.