Fungueni Ukumbi, Wanafunzi Wapike

Tangazo mmeshalisikia. Limesomwa asubuhi, limejadiliwa kutwa nzima, na wazazi wengi wametupigia simu kuulizia. Chuo kimoja hapa Dar es Salaam kimepiga marufuku kupika katika vyumba vya hosteli yake. Hita, jiko la umeme, mtungi mdogo wa gesi, vyote vitolewe, na atakayekamatwa atanyang'anywa chumba. Wiki nzima watu wanabishana kama adhabu hiyo ni kali mno.

Kituo hiki hakina ugomvi na marufuku yenyewe. Waya wa hita ukishika moto katika chumba chenye magodoro manne na madaftari kila kona, jengo zima limo hatarini. Nchi hii haijasahau shule ya Shauritanga mwaka 1994, ambako moto wa bweni uliua wasichana wapatao 40. Hita zitoke.

Kinachotusumbua ni sentensi iliyokosekana kwenye tangazo lile. Wanafunzi wameambiwa wasipike wapi. Hawakuambiwa wapike wapi, wala wale wapi, wala wale na nani. Na ukumbi upo! Upo ghorofa ya chini ya hosteli hiyo hiyo, una madirisha mapana na bomba la maji nje ya mlango, na una kufuli. Tulipouliza ufunguo uko kwa nani, tulielekezwa ofisi mbili, na kila moja ikatutuma kwa nyingine.

Pita korido ya hosteli saa mbili usiku uone tunachokisema. Milango imefungwa. Kijana amekaa kitandani, ndoo ameipindua iwe meza, juu yake chipsi kwenye karatasi iliyolowa mafuta. Simu ameiegemeza ukutani, hedifoni masikioni. Chumba cha pili hivyo hivyo, cha tatu hivyo hivyo. Watu mia kwenye jengo moja, kila mtu na sahani yake, kila mtu na simu yake. Muulize huyo kijana jirani wa mlango unaotazamana na wake anaitwa nani. Wengi hawajui, na muhula unakwisha.

Hapo ndipo penye wasiwasi wetu. Mtoto ametoka Kasulu, ametoka Tunduru, ametoka Wete, hana ndugu Dar es Salaam. Akishikwa na malaria, nani atamtafutia Bajaji usiku? Bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, likichelewa, nani atagundua kwamba huyu jana hakula na leo hajala? Kwa sababu mwenye njaa hasemi. Anafunga mlango, anazima taa, anajilaza mapema, na asubuhi yuko darasani amevaa shati safi. Mlo wa pamoja humfichua mtu wa namna hiyo pasipo kumwaibisha, maana asipotokea, wenzake watauliza fulani yuko wapi, na mmoja atakwenda kumgongea.

Waliosoma Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kabla ya uchangiaji gharama wa miaka ya 1990 wanajua kwamba chakula kilikuwa sehemu ya chuo. Mwanafunzi alikula kantini kwa gharama ya serikali, akakaa meza moja na mtu wa kozi nyingine na mkoa mwingine. Kisha gharama ikahamia mfukoni mwa mwanafunzi. Hatudai enzi zile zirudi, tunajua hesabu za nchi. Lakini meza ilipoondoka hakuna aliyeuliza nini kitashika nafasi yake. Mwaka 2017, hosteli mpya za Mlimani zilipozinduliwa, majengo 20 ya kuchukua wanafunzi 3,840, nchi ilishangilia vitanda, na ilistahili kushangilia, maana watu walikuwa wamechoka kubebana kitanda kimoja. Vitanda tumejifunza kuvihesabu. Meza bado hatuhesabu, na palipo na ukumbi tunautia kufuli.

Tutaambiwa wanafunzi hawana fedha. Tupige hesabu. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 mnufaika wa mkopo hupata hadi shilingi 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi, na asiye na mkopo hutegemea nyumbani. Tuchukue korido moja, watu 20. Mchele kilo nne, tuseme 12,000. Maharage kilo mbili, 6,000. Nazi tatu, 4,500. Nyanya, vitunguu na mafungu ya mchicha, 3,500. Mafuta 2,000, mkaa 2,000. Jumla 30,000, yaani 1,500 kwa kila mtu. Bei hupanda na kushuka, lakini kwa fedha hiyo mtu hashibi chipsi mayai akila peke yake chumbani. Akila na wenzake anashiba wali wa nazi, na ukoko juu yake, na wanaojua utamu wa ukoko wanaelewa kwa nini watagombania kukwangua sufuria.

Wala si jambo geni. Mwezi wa Ramadhani wanafunzi Waislamu katika vyuo vingi huchangishana, uji unapikwa kwa pamoja, magimbi na tambi zinapangwa kwenye masinia, na jirani Mkristo anaitwa aje afuturu. Kwaya na vikundi vya dini vina chakula chao siku za sherehe. Bibi zetu wa pwani walikula kikoa, leo kwako, kesho kwangu. Ujuzi tunao. Tunachoomba ni uvuke kikundi cha dini na kabila, ufike kwenye korido, ambako watu wamepangwa na ofisi na hawakuchaguana.

Wanaotaka kuanza tunawasihi waanze kidogo. Korido moja, Jumamosi moja. Wakianza na jengo zima, kamati itazaliwa, fulana zitachapishwa, mgeni rasmi atasubiriwa hadi wali upoe. Mchango utumwe kwa simu kwa mtu mmoja mwenye kuaminika, na matumizi yabandikwe mlangoni siku hiyo hiyo, hadi shilingi mia ya kiberiti. Sufuria kubwa iazimwe kwa mama lishe wa getini, naye aalikwe kula. Mapema waulizwe nani hali nini, nyama ikipikwa iwe ya halali, ili asiwepo wa kukaa pembeni na soda.

Na hili tunalisisitiza kuliko yote: asiye na 1,500 asiulizwe mbele ya watu. Achague mchele, apepee mkaa, aoshe masufuria, ateke maji. Orodha ya waliochangia ibaki kwa mtunza fedha peke yake. Jina likisomwa hadharani hata mara moja, yule mwenye njaa tuliyemsema hatarudi tena, na yeye ndiye tuliyempikia.

Usalama? Jiko moja nje ya ukumbi, mchana, mbele ya macho ya watu 20, na ndoo ya mchanga kando. Linganisheni na hita 40 zilizofichwa chini ya vitanda 40 usiku wa manane. Uongozi unaoogopa moto kweli ungekuwa wa kwanza kufungua ukumbi. Marufuku bila mbadala haizimi hita, inaifundisha kujificha. Tulilisema hili mwaka jana katika kipindi hiki, tunalisema leo, tutalisema tena: kufuli lile halilindi kitu. Ndani hamna hata viti vya kuibwa.

Basi tuseme na kila mmoja kwa nafasi yake.

Mshauri wa wanafunzi, ufunguo ni wako kwa cheo chako. Usisubiri bajeti, haihitajiki. Usisubiri mwongozo kutoka juu, hakuna aliyekukataza. Uchukue ufunguo, fungua mlango, andika kwenye tangazo lile lile mstari mmoja zaidi: Jumamosi, saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ukumbi uko wazi kwa kupika na kula.

Viongozi wa serikali ya wanafunzi, mlipoomba kura mligonga kila mlango wa kila korido. Igongeni tena milango hiyo wiki hii, mara hii mkiwa na daftari la mchango na swali moja tu, unakula na sisi Jumamosi?

Wazazi, mkipiga simu msiishie kuuliza kama fedha imefika. Ulizeni amekula na nani.

Na wewe kijana unayetusikiliza kitandani, sahani ikiwa juu ya ndoo, usingoje mshauri, usingoje rais wa wanafunzi. Inuka sasa hivi. Vuka korido, bisha hodi mlango wa pili, jitambulishe. Mkiwa wawili tayari kilo ya mchele inanunulika. Mkiwa 20, nendeni pamoja kwa mlezi wa hosteli, kwa adabu, mkadai ufunguo.