Sahani ya Jirani



Mtume Paulo alipowaandikia Warumi, haikuwa imetimia miaka thelathini tangu Bwana afufuke, na tayari waamini walikuwa wakibishana juu ya chakula. Wengine walikula kila kitu, wengine mboga tu. Tusome sura ya 14. Paulo hakuwapangia la kula. Aliuonya kila upande kwa kosa lake: kwa walao kila kitu aliona dharau, kwa waliojinyima aliona hukumu.

Makosa hayo mawili tungali nayo. Katika karamu ya somo wa parokia, mmoja akisema, "Asante, nimetosheka," mara minong'ono huanza: anajidai, ametudharau, au, lililo baya kupita yote, anaogopa kuwekewa sumu. Neno hilo la mwisho hutoka jikoni likafika kisimani, na mama aliyeamka alfajiri kutupikia huanza kutazamwa kama mchawi. Kumbe mwenzetu ana kisukari, naye hakupenda kuutangaza ugonjwa wake mbele ya sufuria ya pilau.

Nasi tunaofunga tujiangalie. Sheria ya Kanisa ya kujinyima nyama huwahusu waliotimiza miaka 14. Ile ya kufunga, waliotimiza 18 hadi wanapoingia mwaka wa 60. Hakuna sheria iliyotuagiza kuhesabu vipande vya nyama katika bakuli la jirani, ambaye pengine ni mgonjwa au mjamzito. (Na yule afungaye huku akiwatangazia wenzake njaa yake tangu saa tatu asubuhi, Bwana amekwisha kumsemea katika Mathayo, sura ya 6.)

Paulo mwenyewe alisadiki kwamba hakuna chakula kilicho najisi kwa asili yake. Hata hivyo aliwaambia Wakorinto kuwa yu tayari kuacha nyama maisha yake yote, ikiwa nyama hiyo ingemwangusha ndugu yake. Hakusema kwamba angebishana naye mpaka aelewe.

Basi, ndugu makatekista, mkutano wa jumuiya ndogo ndogo ukimalizika kwa chai wiki hii, anayegawa na aulize kwanza kama sukari itiwe, badala ya kuijaza kwa kumheshimu mgeni. Na mgeni akisema hapana, mazungumzo yaendelee pale yalipokuwa yamefikia.