Maoni Hayapigi Foleni: Kazi ya Mwanakampeni Utafiti Unapovunja Moyo

Jambo ninalotaka tulitafakari jioni hii hutujia kila msimu wa uchaguzi. Kampeni zinapopamba moto, kampuni ya utafiti hutangaza takwimu zake, magazeti huziweka ukurasa wa kwanza, na mgombea fulani huonekana yuko nyuma kwa asilimia nane au kumi. Kuanzia siku hiyo, vijana waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kumwombea kura huanza kutoa udhuru. Mmoja ana mtihani, mwingine ana msiba, wa tatu hapokei simu. Hakuna aliyewafukuza, ni tarakimu tu zimewavunja moyo. Hoja yangu ni kwamba tarakimu hizo hazina mamlaka hayo. Utafiti hupima kile watu wanachosema, ilhali uchaguzi huhesabu waliosimama kwenye foleni wakapiga kura. Kati ya kusema na kupiga kura kuna pengo, na pengo hilo hujazwa na kazi ya watu. Anayeacha kazi kwa sababu ya utafiti anaacha sehemu pekee ya uchaguzi iliyo mikononi mwake.

Tuanze kwa kuelewana kuhusu maneno. Tanzania wakisema "kura za maoni", mara nyingi wanamaanisha mchujo wa wagombea ndani ya chama. Kenya neno hilo hubeba maana mbili: kura ya kuamua jambo kama katiba, na pia takwimu za kampuni za utafiti. Mimi nitasema "utafiti wa maoni", kwa sababu katika zoezi hilo hakuna anayepiga kura. Mtafiti huchagua sampuli, mara nyingi ya watu elfu moja hadi elfu mbili na ushei, akawapigia simu au akawatembelea, na kuwauliza: uchaguzi ungefanyika leo, ungemchagua nani? Sampuli ya watu 1,000 waliochaguliwa kwa nasibu huwa na kiwango cha makosa cha takriban asilimia 3 juu au chini. Wengi wetu hatukumbuki kwamba kiwango hicho ni cha takwimu ya mgombea mmoja. Tofauti kati ya wagombea wawili inaweza kukosewa kwa karibu mara mbili ya hapo. Isitoshe, hesabu hiyo haiwagusi waliokataa kujibu, waliojibu kwa tahadhari kwa sababu hawamjui anayewauliza, wala waliotaja jina la mgombea huku wakijua kwamba siku ya kura watakuwa shambani au safarini. Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wahenga. Hawakusema kwamba mawingu ndiyo mvua.

Mfano ulio karibu nasi ni uchaguzi wa Kenya wa tarehe 9 Agosti 2022. Mwaka mmoja kabla yake, tafiti nyingi zilimweka William Ruto mbele katika mbio za urais. Baada ya Raila Odinga kumteua Martha Karua kuwa mgombea mwenza mwezi Mei 2022, upepo wa tafiti uligeuka. Katika siku za mwisho kampuni ya Ipsos ilimpa Raila asilimia 47 na Ruto 41. TIFA ilimpa Raila 49 na Ruto 41. Waliokuwa wakimfanyia Ruto kampeni kwa mama mboga na kwenye vituo vya bodaboda walikuwa na kila sababu ya kukunja mabango yao. Hawakuyakunja. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ilitangaza kwamba Ruto alipata kura 7,176,141, sawa na asilimia 50.49, na Raila kura 6,942,930, sawa na asilimia 48.85. Mahakama ya Juu ikaidhinisha matokeo hayo tarehe 5 Septemba. Iangalieni takwimu ya Raila kwa makini: kampuni zile hazikukosea sana kuhusu yeye. Zilichokosa kukiona ni kile kilichokuwa ndani ya asilimia kumi na kitu iliyobaki, yaani watu ambao hawakuwa wameamua, hawakutaka kusema, au walikuwa wakitaja majina mengine. Hao ndio waliokuwa bado wanaweza kufikiwa na mtu wa kuwabishia hodi.

Sasa tuigawanye tofauti ya kura kati ya Ruto na Raila. Kura 233,211 ni nyingi ukizitamka kwa pamoja, lakini Kenya ilikuwa na vituo 46,229 vya kupigia kura. Ukigawanya, unapata kura tano kwa kila kituo. Kituo kimoja kinaruhusiwa kuwa na wapiga kura hadi 700. Watano ni watu wa nyumba moja waliokula chakula cha jioni pamoja. Tena, kwa kuwa katiba inamtaka mshindi avuke nusu ya kura halali, wapiga kura wawili tu katika kila kituo wangehama kutoka kwa Ruto kwenda kwa Raila, hakuna mgombea ambaye angeivuka nusu hiyo, na nchi ingelazimika kwenda duru ya pili. Simfurahii wala simsikitikii mgombea yeyote kwa hesabu hii. Ninachosema ni kwamba jambo lililoonekana kitaifa kuwa mlima, katika kituo cha shule ya msingi ya kijijini lilikuwa kazi ya mtu mmoja kwa siku moja.

Utafiti haumdhuru aliye nyuma peke yake; humlegeza pia aliye mbele. Mwaka 2022 daftari lilikuwa na wapiga kura 22,120,458, na takriban milioni 7.8 kati yao hawakupiga kura. Waliobaki nyumbani walikuwa wengi kuliko waliomchagua mshindi. Mombasa, ambako Raila aliongoza, waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 44 tu ya waliojiandikisha, kiwango cha chini kabisa nchini. Sidai kwamba Mombasa peke yake ingegeuza matokeo, hesabu haikubali. Wala sidai kwamba tafiti ndizo zilizowabakisha watu wa Pwani nyumbani, kwa maana ugumu wa maisha na uchovu wa ahadi za miaka mingi vina sehemu yao. Lakini ngome isiyotembelewa kwa sababu inadhaniwa imeshapatikana ni hasara sawa na ngome ya mpinzani isiyotembelewa kwa sababu inadhaniwa imeshapotea. Makosa yote mawili yanatokana na imani ileile, kwamba maoni yaliyokwisha kutajwa ni kura zilizokwisha kupigwa.

Je, kuna ushahidi kwamba kazi ya kubisha hodi ina matunda? Upo, na tusiutie chumvi. Mwaka 1998 katika mji wa New Haven, Marekani, wanasayansi wa siasa Alan Gerber na Donald Green waligawa wapiga kura kwa nasibu: wengine walitembelewa ana kwa ana, wengine walipigiwa simu, wengine walitumiwa barua, na wengine waliachwa bila kuguswa. Waliotembelewa walijitokeza kupiga kura kwa wingi ulioonekana wazi. Barua zilisaidia kidogo, na simu hazikusaidia. Miaka kumi baadaye David Nickerson alichapisha utafiti kuhusu nyumba zenye wapiga kura wawili. Aligundua kwamba takriban asilimia 60 ya msukumo anaoupata yule anayefungua mlango humfikia mwenzake aliye ndani, ambaye hata hakusemeshwa. Upande wa pili, Joshua Kalla na David Broockman walikusanya majaribio 49 mwaka 2018, wakaonyesha kwamba katika uchaguzi mkuu wa Marekani kumshawishi mtu abadili mgombea ni jambo ambalo kwa wastani halifanikiwi. Nayachukua matokeo yote kwa pamoja, kwa sababu yanatufundisha kazi ilipo. Usitumie jioni nzima ukibishana na mtu aliyeshaamua. Mtafute anayekubaliana nawe ambaye hana mpango wa kwenda kituoni, ukae naye mpaka mkubaliane atakwenda saa ngapi, na nani, na mtoto atabaki na nani.

Kazi haiishii mlangoni. Nawaomba muione kwa macho ya moyo saa ile ya usiku katika darasa lililogeuzwa kituo. Madawati yamesogezwa ukutani, taa inatoa mwanga hafifu, na msimamizi anatoa karatasi moja moja kutoka kwenye sanduku. Anasoma jina kwa sauti na kuinyanyua karatasi ili mawakala waione. Wakala anayejua kazi yake ana daftari na kalamu, anapiga mstari kwa kila kura, na ikisomwa kura yenye alama mbili anasimama na kuuliza. Mwisho hujazwa Fomu 34A ya matokeo ya kituo, mawakala hutia saini, na nakala hubandikwa mlangoni ili kila mwananchi aisome. Mwaka 2022 fomu hizo ziliwekwa hadharani kwenye intaneti, na mtu yeyote aliyekuwa na subira aliweza kuzijumlisha mwenyewe. Wakala ambaye hakwenda kwa sababu utafiti ulisema wameshashindwa ameacha kiti kitupu katika chumba ambamo kila kura huthibitishwa. Kiti hicho kikiwa kitupu, baadaye hakuna hotuba wala kesi inayoweza kukijaza.

Najua pingamizi mbili, na zote zinastahili jibu. Ya kwanza inasema: mara nyingi tafiti husema kweli. Ni sahihi. Mwaka 2015 Tanzania, utafiti wa shirika la Twaweza ulimpa John Magufuli asilimia 65 na Edward Lowassa wa upinzani 25, na Magufuli ndiye aliyeshinda. Lakini alishinda kwa asilimia 58.46 dhidi ya 39.97 za Lowassa. Waliompigania Lowassa hawakupata Ikulu, lakini walipata zaidi ya kura milioni sita, na kura za upande wao hazikupotea hewani. Viti maalum vya wanawake bungeni hugawiwa kwa uwiano wa kura za ubunge ambazo chama kimepata, na madiwani waliochaguliwa siku hiyo waliuwezesha upinzani kupata Meya wa Jiji la Dar es Salaam mwaka 2016. Kenya nako, Mfuko wa Vyama vya Siasa hugawanywa kwa kuangalia kura. Uchaguzi mkuu una karatasi nyingi kuliko ile ya urais, na utafiti wa kitaifa hausemi lolote kuhusu diwani wa kata yako. Hata mshindi hutawala kwa namna nyingine akijua kwamba watu wanne kati ya kumi walimkataa, kuliko akijua ni mmoja.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: uwanja wenyewe umeinama, basi kampeni ya nini? Sitaki kumdanganya mtu. Mahali ambapo wagombea wanazuiwa na kura hazihesabiwi kwa uaminifu, kugonga milango peke yake hakutoshi. Panahitajika pia mahakama, waandishi, viongozi wa dini na raia wanaodai sheria nzuri. Lakini tuitazame Zambia. Hakainde Hichilema aligombea urais mara tano na kushindwa mara tano, mwaka 2015 kwa pengo lisilofika kura 28,000. Mwaka 2017 alikaa kizuizini miezi minne kwa mashtaka ya uhaini ambayo baadaye yalifutwa. Mwaka 2021 masharti ya korona yalibana mikutano yake, na siku ya kura mawasiliano ya WhatsApp yalifungwa. Alishinda kwa karibu kura milioni moja, na Rais Edgar Lungu akakubali kuondoka. Tofauti kubwa kama hiyo ni vigumu kuificha. Uwanja ulioinama ndio unaohitaji wachezaji wengi zaidi, maana pengo dogo hupindishwa gizani, lakini pengo kubwa huonekana na kila aliyesoma karatasi mlangoni.

Moyo, kwa hiyo, haulindwi kwa kuzikataa takwimu wala kwa kuwatukana watafiti. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 inawataka wanaochapisha utafiti wataje mfadhili, mbinu na ukubwa wa sampuli; tuisome hiyo kwanza kabla ya kusoma kichwa cha habari. Kisha tuutumie utafiti kama ramani: ni kaunti ipi yenye wasioamua wengi, ni rika gani halina mpango wa kupiga kura. Mwanazuoni wa Ujerumani Elisabeth Noelle-Neumann alieleza mwaka 1974 kwamba watu wanaodhani msimamo wao ni wa wachache hunyamaza, na kadiri wanavyonyamaza ndivyo msimamo huo unavyozidi kuonekana wa wachache. Dawa ya ukimya huo ni uso wa jirani anayesema bila hofu anamuunga mkono nani na kwa nini. Na kipimo cha kazi kiwe kile mtu anachoweza kukitimiza: si asilimia ya taifa, bali milango kumi wiki hii, vijana wanne waliopelekwa kujiandikisha, mawakala wawili waliofundishwa kujaza fomu.

Kwenu vijana nina neno la mwisho. Mwaka 2022 mlikuwa takriban milioni 8.8 katika daftari la wapiga kura la Kenya, asilimia 39.84 ya wote, na idadi yenu ilikuwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 5 ikilinganishwa na mwaka 2017. Uchaguzi unaofuata ni Agosti 2027. Tafiti zitatangazwa, na baadhi yenu mtaambiwa mmeshashindwa kabla hamjaanza. Siku hiyo kumbukeni kituo chenu, na kumbukeni kwamba mara iliyopita tofauti ilikuwa watu watano katika kila kituo. Watafuteni hao watano kwa majina, muwabishie hodi, na asubuhi ya uchaguzi mwende nao mkasimame kwenye foleni.