Jina la mtu asiyekuwepo

Maneno yaliyotolewa mbele ya wamemba wa chama, Mapendo, Goma



Komite ilituomba tueleze namna kazi ya kugawa feza kwa wakimbizi ilivyofanyika kule Uganda, ju Siku ya Mungu ijayo mtapiga kura juu ya sanduku la msaada. Feza imefika, lakini haitoshi watu wote. Kuna wanaosema tugawane sawasawa, kila familia kidogo, tusikosane. Kuna wanaosema wapewe wenye shida zaidi. Sisi tuliofanya kazi ya uhamasishaji Rwamwanja tuko na jambo moja la kuwaambia mbele ya kura hiyo, na kwa sehemu ni jambo la aibu yetu wenyewe. Mtatuvumilia.

Wengi wetu tulivuka mpaka 2012, wakati wa vita ile ya kwanza ya M23. Mwaka huo njo Uganda ilifungua tena Rwamwanja, katika wilaya ya Kamwenge, ju ya kupokea Wakongomani. Tulipewa kipande cha shamba, plastiki, panga na masufuria. Sheria ya Uganda ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea, kwa hiyo hatukukaa nyuma ya seng'enge. Na ju tulikuwa na diploma mfukoni na tulijua Kiswahili, Kinyarwanda na Kiingereza cha kuombea maji, mashirika yalituchukua tuwe wahamasishaji. Mshahara ulikuwa mdogo sana. Kazi yenyewe ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba na kubeba habari: lini mtalipwa, wapi, mlete karatasi gani.

Mwanzoni watu walichukua mahindi, maharage na mafuta. Baadaye wengi wakaanza kupokea feza. Hapo wafadhili wetu wanauliza kila mara: kwa nini feza, hawatainywa? Tunawajibu kwa tuliyoyaona. Mtu aliyepewa mahindi alipaswa kuuza sehemu yake ju ya kulipa mashine ya kusaga, kununua chumvi, sabuni na kalamu za watoto. Na aliuza kwa bei ya hasara, ju siku hiyohiyo kila mtu anauza mahindi. Mwenye feza alinunua alichokikosa. Mwaka 2016 PAM na Chuo Kikuu cha California, Davis, walitoa uchunguzi uliofanywa Rwamwanja na Adjumani, wakakuta kwamba feza inaacha mapato mengi zaidi kwa watu wa pale kuliko chakula, Waganda majirani wakiwemo. Sisi tuliijua hesabu hiyo kwa macho. Duka la kwanza la mchele katika kijiji chetu lilifunguliwa na mama mmoja wa Masisi baada ya feza kuanza kufika.

Lakini msidhani feza haina mwiba. Siku ya kulipwa bei ya mchele ilipanda asubuhi na kushuka baada ya masiku matatu, na hakuna aliyeweza kuonyesha mwenye kosa. Halafu kuna kadi na simu. Tulikuta wenye maduka wakishika kadi za watu, pamoja na namba zao za siri, kama rehani ya deni. Feza inafika, mwenye duka anaenda kuitoa yeye, anakata chake, anamrudishia mama kinachobaki. Kwenye ripoti yetu tuliandika "amepokea". Kwa karatasi alikuwa amepokea kweli.

Na simu yenyewe haikuwa rahisi. Kabla ya 2019 mkimbizi wengi walishindwa kuandikisha laini ya simu kwa jina lao, wakatumia jina la jirani Mganda. Ukikosana na jirani, je? Tena 2018 serikali ilileta kodi ya asilimia 1 juu ya feza za simu, na miezi michache baadaye ikaipunguza hadi asilimia 0.5 wakati wa kutoa. Kwa tajiri hiyo si kitu. Kwa mtu anayepokea feza ya kula, aliiona.

Sasa tufike kwenye liste, ju njo kiini cha maneno yetu.

Mwaka uleule wa 2018 Uganda na HCR walihesabu upya wakimbizi wote, kwa vidole na kwa macho. Hesabu ya zamani ilisema zaidi ya milioni 1.4. Walipomaliza walikuwa karibu milioni 1.1. Kuanzia hapo kila familia ikawa na karatasi moja yenye majina, umri na picha, na karatasi hiyo ikawa mlango wa kila kitu. Halafu feza za wafadhili zikaanza kupungua duniani. Mwezi wa saba 2023 PAM iliweka familia katika mafungu matatu: zile zilizoonekana dhaifu kabisa zikapewa asilimia 60 ya kipimo kizima, za katikati asilimia 30, na fungu la tatu, wanaohesabiwa kujitegemea, wakatolewa.

Nani aliyetumwa kubeba habari hiyo vijijini? Sisi.

Tuseme ukweli. Tulipewa mafunzo mafupi, na karatasi ya maswali na majibu. Watu walikusanyika chini ya mti, chermani akatusalimia, tukasoma. Mzee mmoja akauliza: "Mulituchagua kwa kuangalia nini?" Tukamjibu kwamba kompyuta ndiyo iliyochagua. Wandugu, jibu hilo tulilirudia katika vijiji vingi, na ni jibu baya. Kompyuta haikuchagua mtu. Ilifuata vigezo vilivyowekwa na watu: familia ina watu wangapi, wana umri gani, nani anaweza kufanya kazi. Sisi tulikuwa na haki ya kuuliza vigezo hivyo ili tuvieleze. Hatukuuliza vya kutosha. Tuliogopa kuonekana hatujui, tukajificha nyuma ya mashine.

Kisha tukafanya la pili. Ju ya haraka, tulisoma majina ya mafungu kwa sauti, mbele ya wote. Aliyebaki kwenye msaada akaonekana kama mwenye bahati, au kama rafiki yetu. Aliyetolewa akaonekana tajiri aliyejificha. Usiku uleule familia moja iliyobaki ilivunjiwa mlango na kuku wao wakaibiwa. Hatukuandika hayo mahali popote, fishi haikuwa na nafasi yake.

Kuna mama mmoja hatutataja jina lake, wala kijiji chake. Alikuwa mjane, analea wajukuu watatu. Aliwekwa kwenye fungu la tatu. Ukimtazama, huyo mama hawezi kulima hata kipande cha shamba alichopewa, mgongo ulikwisha. Tulipofungua karatasi yake tukaona sababu: mwana wake wa kiume, kijana wa miaka 20 na kitu, mwenye afya, aliandikwa pale pale. Kwa karatasi, nyumba ile ilikuwa na mtu wa kufanya kazi. Lakini kijana huyo alikwenda Kampala kutafuta maisha, na kwa miaka miwili hakupiga simu hata mara moja.

Tukamwambia: mama, jambo ni rahisi, njoo tukupeleke wafute jina la kijana, kesi yako itaangaliwa upya. Akakataa. Tukarudi mara ya pili, akakataa. Tukamweleza hesabu, tukamwonyesha kiasi cha feza atakachopata. Akatutazama tu, akatuletea maji ya kunywa. Kwenye kaye yetu tuliandika: "Hakubali kushirikiana." Neno hilo tuliliandika sisi, watu wa chuo kikuu, kwa kalamu nzuri.

Mara ya tatu tulikwenda na dada mmoja wa timu aliyekuwa hajamwona, mtu wa kwao kabisa, wa Rutshuru. Huyo hakufungua kaye. Aliketi naye akimsaidia kuchambua maharage. Karibu na jioni mama akasema: "Mumewe wangu nilimzika njiani. Mutoto huyu hamujaniletea maiti yake. Nikifuta jina, nitakuwa nimemzika mimi mwenyewe, kwa kidole changu." Ju kufuta kulitaka alama ya kidole chake.

Miezi mitatu ilipita tangu siku ya liste hadi siku hiyo. Ndani ya miezi hiyo mama aliuza mabati manne ya nyumba yake na mbuzi mmoja, na mjukuu mkubwa aliacha masomo akaenda kubeba matofali. Mwisho ofisi ilikubali kuandika kwamba kijana "hayupo kwa sasa", jina likabaki, na kesi yake ikasikilizwa. Ilikuwa inawezekana tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyeuliza, ju sisi tuliokuwa mlangoni kwake tulisikia "hapana" tukafunga kaye.

Mtatuuliza hayo yanahusu nini Mapendo. Yanahusu sana. Mwezi wa tano 2025 PAM ilikata msaada kwa karibu watu milioni 1 kule Uganda, na wengi walioko humu ndani walianza kufunga mizigo kipindi hicho. Wamerudi Birere kwenye nyumba za mabao juu ya mawe ya volkano, nyumba moja familia mbili au tatu. Na wengi hawakurudi wote. Bibi yuko hapa, bwana amebaki Nakivale analinda shamba. Mtoto wa kwanza amebaki ju ya mtihani. Mwingine hajulikani yuko wapi tangu Bunagana. Sasa angalieni fishi za chama chetu: tumeandika wote, kama vile wote wamelala Mapendo jana usiku. Tumepitia kaye ya sekretere pamoja naye juma lililopita, kwa ruhusa ya komite. Tukichagua wenye shida kwa fishi hizi, tutafanya kosa lilelile, tena hapa hatutakuwa na kompyuta ya kusingizia.

Kwa hiyo mawazo yetu ni haya. Kugawa sawasawa tunakuelewa, kunaleta amani ya siku moja, lakini kwa kiasi kilichopo kila familia itapata feza ya unga wa masiku machache, na mama mwenye mgonjwa atabaki palepale. Tunaomba mchague wenye shida. Lakini kabla ya kuchagua, vigezo vijulikane na kila memba, vibandikwe hapa mlangoni kwa Kiswahili. Kila familia itembelewe na watu wawili, mmoja wao asiwe wa avenue ile. Liste isisomwe kwa sauti hata kidogo. Atakayekosa aambiwe nyumbani kwake, na mtu, kabla ya wengine kupewa, na aambiwe sababu ambayo anaweza kuipinga. Na malalamiko yasiletwe kwa sisi tuliochagua. Wateuliwe wamama wawili na mzee mmoja wasiokuwa kwenye komite, wao wayasikilize.

Kuhusu njia ya kulipa, mnajua hali. Tangu mwezi wa kwanza 2025 mabenki ya hapa Goma yalifunga, na mwenye kabine wa feza za simu anaweza kukukata cha juu au kukupa noti zilizochanika ambazo muuza mboga hazipokei. Tukituma kwa simu, tukubali kwamba chama ndicho kitalipa hiyo tofauti, isitoke kwa anayepokea. Mpokeaji mzee asiye na simu asilazimishwe kutumia ya mjukuu. Tumpelekee mkononi, mbele ya shahidi. Itachukua muda zaidi. Sawa.

Kwa wafadhili tuna ombi dogo. Mnatudai hesabu ya waliopokea, na ni haki yenu. Mtudai pia hesabu ya waliokataliwa na waliolalamika, na majibu waliyopata. Ripoti yenye lalamiko sifuri, sisi tuliofanya kazi hiyo tunaiogopa.

Sekretere atakuwa hapa Siku ya Posho, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi. Kila mwenye jina la mtu asiyekuwepo kwenye fishi yake aje. Hatafutiwa mtu. Tumeongeza mstari chini ya majina, umeandikwa kwa mkono ju hatukuwa na feza ya kuchapisha upya: "Hayupo, tunamngoja." Mje na kalamu, zetu ni mbili tu.